Fasheni weka kwenye pazia, ukuta na sakafu acha vitulie

Mi kazi yangu ni mapazia. Napima, nashona, nafunga, na mtu wa mapazia ndo anaitwa wa mwisho kabisa, fundi jipsamu kashaondoka, marumaru zishawekwa, rangi imekauka, hela inakaribia kuisha, ndo simu inaita "dada njoo upime madirisha". Kwahiyo nyumba naikuta mpyaaa. Afu pazia nazo hazikai milele, miaka ikipita zimepauka au mama mwenye nyumba kachoka nazo, naitwa tena, na safari hii naikuta nyumba ile ile watoto wamekimbia ndani, wageni wamekula, mvua zimenyesha. Ukiziona nyumba mara mbili mbili hivyo unajua kipi kimezeeka vizuri na kipi mwenye nyumba anakikwepa kukiangalia.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "sasahivi watu wanafanyaje?" Mtu anafungua simu ananionyesha picha kaitoa Instagram au Pinterest, ukuta una zile paneli za mistari mistari, taa inatokea nyuma ya TV, sofa jeupe pee, na ukiangalia vizuri nje ya dirisha kuna theluji! Mi sina ugomvi na fasheni, fasheni ndo inanilisha. Ila mteja wangu akiniuliza namwambia hivi, kitu unachoweza kukitoa mwenyewe bila kuita fundi fuata fasheni unavyotaka, na kitu ambacho kukitoa lazima aje mtu na nyundo, hicho usiiulize simu, waulize watu wanaoishi kwenye joto na vumbi kama lako.

Mnakumbuka wolyuniti? Kuna kipindi kila sebule ya mjini ilikuwa na lile kabati linaloziba ukuta mzima, juu vioo vya glasi ambazo hakuna anayezinywea, pembeni rafu za kaseti, katikati tundu limepimwa sawasawa na TV ya kichogo ya inchi 21. Na limechongwa kwa mninga wa kweli, watu wanne wanalibeba kwa kupumzika. Basi Dar mitambo ya analojia ya kurushia TV ikazimwa tarehe 31 Desemba 2012, watu wakahangaika na ving'amuzi, wengi wakaona bora wabadilishe na TV yenyewe, na flati ya inchi 32 ni pana, haiingii kwenye tundu la kichogo. Nimeingia nyumba flati imesimamishwa kwenye stuli mbele ya tundu, nyuma yake giza na waya. Mbao ilikuwa haina kosa lolote, hata leo ukiipiga msasa inang'aa, kilichoiponza ni kuchongwa kwa kipimo cha mashine moja. Na sasa naona watu wanarudia kule kule, wanajenga ukuta wa jipsamu una kishimo cha TV ya inchi 55 kamili, haizidi hata vidole viwili. Acha ukuta uwe bapa. Weka kabati la chini, refu kuzidi TV yenyewe, na kabla ya plasta mwambie fundi umeme apitishe paipu nene ndani ya ukuta kutoka juu mpaka chini, maana waya za leo sizo za kesho. Basi, TV yoyote itakayokuja itakaa.

Jipsamu sasa. Zile za ngazi ngazi tatu, katikati duara, ndani taa za bluu na zambarau. Ukiingia tu unajua hii nyumba ilimaliziwa lini. Uzuri wa macho kila mtu ana wake, mi nagombana na urefu. Chumba chako kina mita 3 kwenda juu, kila ngazi ya jipsamu inashuka, mwisho ukifunga pangaboi mapanga yanakuja karibu na kichwa cha mtu mrefu, na huwezi kulipandisha likabana juu kwasababu pangaboi linataka nafasi juu yake livute hewa, likibanwa na dari linazunguka tu jasho linakutoka. Kuna baba mmoja aliniambia taa zake za sebuleni zote mbovu, zinachezacheza, kabadilisha balbu wee mpaka kachoka. Nikamwambia baba naomba zima feni. Kazima, taa zikatulia tuli! Fundi alikuwa kaweka taa za dari juu ya mapanga, kila panga likipita linakata mwanga. Kwahiyo kabla hujamlipa mtu wa jipsamu mwambie pangaboi linakaa wapi, taa zote ziwe nje ya duara la mapanga, na dari liwe bapa na mkanda mmoja pembeni kama ni lazima uwe nao. Kwenye huo mkanda acha mfuko wa kuficha reli ya pazia, hapo na mi nitakushukuru.

Kitu kingine kilichonichekesha ni terazo. Panda ngazi za maghorofa ya zamani Upanga au Kariakoo, ile sakafu yenye vipande vipande vya mawe ndani ya saruji, iliyosagwa na mashine mpaka ikalainika. Ilifika mahali ikaonekana ya kizee, ya ofisi ya serikali, watu wakaifunika kwa marumaru nyeupe za kung'aa za sentimita 60 kwa 60. Leo nenda madukani, wanauza marumaru zenye PICHA ya terazo, na bei imesimama. Mtu ana terazo halisi chini ya miguu yake na juu kabandika marumaru zilizopasuka pembe. Ukinunua au ukirithi nyumba ya namna hiyo usikimbilie kufunika, tafuta fundi mwenye mashine ya kusaga aisage na kuipaka dawa upya. Kama unaanza upya na marumaru, achana na za kung'aa kama kioo, zinateleza zikilowa na kila nyayo inaonekana. Chukua zisizong'aa, rangi inayoendana na vumbi la mtaani kwako (sitanii, chukua vumbi la barazani uende nalo dukani). Na nunua ziada. Boksi la 60 kwa 60 kwa kawaida lina vipande 4, mita za mraba 1.44, weka maboksi mawili stoo, maana siku moja ikipasuka utakuta duka lenyewe halijui hata ulinunua toleo gani.

Madirisha siwezi kuyaacha, ndo ninakoshinda. Alminiamu za kusukuma zimeingia kila mahali, na ni safi, hazioti kutu, sawa. Ila dirisha la vioo viwili vya kusukuma linafunguka nusu tu, nusu nyingine daima kuna kioo. Mtu katoa luva za zamani zilizokuwa zinapitisha upepo karibu dirisha zima, kaweka za kusukuma, afu analalamika nyumba imekuwa tanuri. Ana dirisha la mita 2, anapata upepo wa mita 1. Kama bado hujatoboa, omba ya kufunguka kwa nje kwenye vyumba vya kulala walau, ni ghali kidogo ila utalala. Na kama lazima ziwe za kusukuma basi ongeza upana wa dirisha, siyo urembo.

Mabomba meusi. Yanapendeza kwenye picha jamani, hilo siwezi kubisha. Ila nusu ya wateja wangu wanatumia maji ya kisima, na visima vya maeneo mengi ya huku pwani vina chumvi, bomba jeusi likilowa na kukauka linabaki na ukoko mweupe, dada wa kazi anasugua na stiliwaya na weusi wote unatoka. Kama maji yako ni ya chumvi nunua la kung'aa la kawaida, chumvi haionekani sana na ukilifuta kwa limao linarudi. Kabati la jikoni la MDF (zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa) chini ya sinki nalo hivyo hivyo, likinywa maji linavimba halirudi, hapo sehemu ya chini weka mbao au jengea matofali ubandike marumaru.

Sofa mi naona ndo sehemu watu wanapoteza hela nyingi kwa kuangalia juu juu. Fasheni ya sofa iko kwenye kitambaa, umri wake uko kwenye fremu. Kuna makochi ya mninga ya wazazi wetu, yale ya mito ya kutoa, yenye vitambaa vya kufuma mgongoni, bado yapo yamesimama. Ukienda Keko, hapa Dar, kwa mafundi wa samani usiende siku sofa limeshavalishwa, nenda likiwa mifupa. Uliza mbao gani, kama imekaushwa au ndo mti umekatwa juzi, nyanyua kona moja ya mbele uone kama mguu wa mbele wa pili unafuata haraka au fremu inajipinda kwanza. Ikijipinda, aga. Mito iwe ya zipu ili uvue ufue. Ukishakuwa na mifupa mizuri unabadilisha nguo tu, leo veluveti ya kijani ya vifungo vifungo, ile wanaita chesta, miaka mitano mbele kitambaa cha kawaida cha rangi ya udongo udongo, fremu ni ile ile na fundi analipwa kushona, halipwi kujenga.

Haya, pazia, hapa ndo nawaruhusu mfanye vituko. Pazia inatoka kwenye reli dakika kumi, kwahiyo rangi ya msimu, maua makubwa, mistari, kila kitu, leteni. Ila kuna mambo matatu manne ambayo hayajawahi kubadilika tangu najua kushika mkasi. Kitambaa kiwe mara mbili ya upana wa dirisha au zaidi kidogo, dirisha la mita 2 linataka mita 4 mpaka 5, ukibania unapata shuka iliyotundikwa. Reli ifungwe juu karibu na dari na ipite dirisha kila upande, chumba kinaonekana kirefu na pazia ikifunguliwa haizibi upepo. Dirisha linalopigwa na jua la jioni lazima liwe na bitana, jua linakula bitana kwanza, na bitana ni bei rahisi. Na veluveti nzito sebuleni Dar... nitakushonea kwasababu unanilipa, lakini inashika vumbi, inashika harufu ya samaki wa kukaanga, na kuifua ni shughuli ya siku nzima. Pamba au kitani nyepesi inakaa vizuri sana na upepo wa baharini, na ndo kitu ambacho mahoteli ya Zanzibar wanaweka, wageni wanalipa dola kukiona pamoja na mkeka wa ukili ambao wewe umeuficha chini ya uvungu ukaweka kapeti la manyoya.

Mkeka wenyewe nausema kwa uchungu. Kitanda cha samadari (kile cha kizamani cha mbao ya kuchonga), mkeka, kiti cha mpingo, vidaka vya ukutani, yale matundu ya kuwekea vitu, kama vya nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe, hivi watu wa nje wanavitafuta, na sisi tunavitoa. Vidaka vile vilikaa kwenye ukuta mnene wa matumbawe na chokaa, na vilikuwa na kazi, kuweka sahani za kaure, taa, misahafu. Ukitaka chako mwambie fundi kabla hajapandisha tofali, ukuta wa tofali la inchi 6 hauchimbwi ovyo baadaye.

Wapangaji najua mnasema haya hayatuhusu, kwenye nyumba ya mtu huwezi kugusa dari. Nyie ndo mna raha, hela yenu yote iende kwenye vitu vinavyopanda kirikuu: sofa la vipande siyo la L lisilopita mlangoni, reli za pazia ufungue uondoke nazo, taa za kusimama. Na badilisheni balbu, zile nyeupe za 6500K (namba ya rangi ya mwanga, iko kwenye boksi) zinafanya sebule ionekane duka la dawa, weka za njano za 3000K jioni moja tu uone.

Rangi nimeiacha mwisho kwasababu ndo wengi mnaanza nayo. Ukuta wa kijivu ulivyopita nilijua utapita, na huu wa udongo na kijani kilichofifia nao una siku zake. Kama unaupenda upake, ila ukuta mmoja, na kwanza chukua kopo dogo upake kipande cha mita moja, ukiangalie asubuhi, ukiangalie saa kumi jua likiingia, ukiangalie usiku taa zikiwaka, maana rangi ile ile inabadilika mara tatu. Ukiridhika, kopo la lita 4 linatosha ukuta wa kawaida wa mita 4 kwa 3 mikono miwili na linabaki. Kuta nyingine tatu paka nyeupe iliyovunjwa kidogo, na kijani ukikichoka mwakani unakifuta kwa Jumamosi moja na rola.