Sindano niliyoitupa mimi, ikamchoma mwingine

Zamu ya usiku ilikuwa inaisha. Nimemaliza kumtoa mgonjwa damu, kisanduku cha sindano kiko mwisho wa wodi, na hata hicho kimejaa mpaka sindano zinachungulia mdomoni. Nikairudishia sindano kifuniko chake, nikaiacha kwenye trei pamoja na pamba na plasta, na wakati wa kukabidhi zamu nikaimwaga trei yote kwenye mfuko mweusi.

Kabla sijavua sare, mama anayesafisha wodi akaja ameshika paja. "Sista, kuna kitu kimenichoma." Alikuwa amenyanyua mfuko, ukamgusa mguuni. Kifuniko kilikuwa kimechomoka.

Sikuwa mjinga wa mambo haya. Muda si mrefu kabla ya hapo nilikuwa nimefaulu mtihani wa mafunzo: mweusi kwa taka za kawaida, njano kwa taka ambukizi, sanduku gumu kwa chochote chenye ncha kali. (Rangi hutofautiana nchi na nchi, soma bango la hapo ulipo.) Wahudumu wa usafi hawakuwemo kwenye mafunzo yale. Walikuwa mlangoni na ndoo zao wakisubiri tutoke wapige deki.

Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kulikamua wala kulisugua. Kisha tukaripoti papo hapo, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze mapema kadiri inavyowezekana, zisivuke saa 72, na humezwa siku 28. Kwa VVU, hatari ya kuambukizwa kwa kuchomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi ni kama watu 3 kati ya 1,000. Kwa homa ya ini B, kwa asiyechanjwa hatari inaweza kufikia watu 30 kati ya 100. Sisi wauguzi tulikuwa na dozi tatu za chanjo hiyo mwilini. Yeye hakuwa na hata moja, na alianzishiwa siku hiyo.

Kwenye fomu ya tukio, penye "chanzo", niliandika "kifuniko kilichomoka". Msimamizi akanirudishia. Akauliza, nani alikirudisha kwenye sindano?

Tangu hapo kisanduku natembea nacho kwenye toroli, kiwe karibu na mkono unaochoma. Sindano ikitoka kwa mgonjwa inaingia humo na bomba lake, sirudishii kifuniko, sipindi, siipitishi kwa mwenzangu. Kikifika robo tatu nakifunga. Usikishindilie ili kipate nafasi, na kamwe usihamishie vilivyomo kwenye kingine. Kama visanduku vimeisha stoo, kelele ipigwe kabla ya zamu, si katikati ya usiku kama nilivyokuwa mimi.

Kisha nikaangukia upande wa pili. Kwa woga nikawa natupa kila kitu kwenye njano: karatasi za kufungia glovu, maboksi ya dawa, mabaki ya chakula. Mifuko ikafurika, kichomea taka kikazidiwa, ikarundikwa nje. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, asilimia 85 hivi ya taka za huduma za afya ni za kawaida tu. Ukizichanganya na zile chache za hatari, zote sasa zinabidi zishughulikiwe kama ambukizi. Kutenganisha kufanyike palepale taka inapozaliwa. Mtu asiingize mkono mfukoni baadaye kuchambua.

Kwa anayebeba: glovu nyembamba za kupimia hazizuii sindano. Dai glovu nene, aproni na buti zilizofunika vidole. Mfuko ufungwe ukiwa robo tatu, ushikwe shingoni, ukae mbali na mwili. Usiukumbatie wala kuuburuta, na usiushindilie kwa mguu. Nimeona yote matatu, na ya mwisho kwa mtu aliyevaa kandambili.

Vipimo vya yule mama, miezi ilipopita, vilitoka salama. Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuchanjwa miaka yote ile anasafisha wodi. Akasema alidhani chanjo ile ni ya wenye sare nyeupe.