Kabla Hujaifungua Vali ya Tope

Wiki tatu zilizopita nilifika kwenye mtambo wetu wa kusafisha majitaka saa moja kasorobo asubuhi nikamkuta kijana wetu wa atachi, yaani wa mafunzo ya kazini, ameshika gurudumu la vali ya kutolea tope, analizungusha. Silinda yake ya kupimia, ya lita moja, ilikuwa pale ukutani, tope limesimama kwenye mililita 850. "Limezidi, fundi. Nalipunguza." Nilimkamata mkono hata sijamwamkua. Tulipokaa kunywa chai nilimtaka radhi, lakini mkono ule ningeukamata tena. Ni wa nne kumkuta na vali hiyo, na wa kwanza kuifungua kwa makosa nilikuwa mimi. Ndiyo maana nawaandikia, wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye mitambo midogo kama huu wetu wa Malindi: tangi moja la hewa, matangi mawili ya kutulia, bloa mbili za kusukuma hewa, na zamu ya mtu mmoja usiku.

1. Ukifika, zunguka kwanza. Rangi iwe ya chokoleti, harufu iwe ya udongo ulionyeshewa. Povu jeupe jepesi, tope lako bado changa. Povu la kahawia lenye mafuta, limezeeka. Mabonge yakiibuka na mapovu madogo kwenye tangi la kutulia, umeliweka humo muda mrefu mno, ongeza kasi ya kulirudisha kwenye tangi la hewa.

2. Skrini, ule wavu wa kuzuia takataka, isafishwe kila zamu, na ulichokitoa kisirudi ndani. Mtego wa mafuta wa jikoni ufunguliwe kila wiki, msimu wa wageni kila siku mbili. Na nendeni mkaongee na wapishi ana kwa ana, kwa heshima, juu ya machicha ya nazi. Siku moja nilifungua pampu iliyokwama nikatoa machicha yameshikamana kama tofali, ndani yake mna kijiko. Mpishi alipoonyeshwa alishtuka kweli, akasema miaka yote alidhani yanayeyuka. Tangu siku hiyo anawapelekea kuku wa jirani.

3. Sasa silinda. Kupima tope mnajua: lita moja kutoka tangi la hewa, unaiacha itulie nusu saa, unasoma tope lilipokomea. Ninalotaka mlijue ni kwamba silinda iliyojaa haikwambii tope ni jingi. Inakwambia tu halikushuka.

Mwaka wangu wa pili kazini, wiki ya tatu ya Novemba, silinda ilifika 880. Fundi mkuu alikuwa likizoni. Kawaida yetu ilikuwa kutoa tope dakika 20 kwa siku. Mimi nikaifungua vali kwa muda wa saa mbili nzima. Kesho yake saa mbili tena, na kesho kutwa. Siku ya nne silinda ikashuka hadi 300, nikaandika kwenye daftari la zamu, kwa mwandiko mzuri kabisa: "Tope limedhibitiwa." Ukurasa huo bado upo, kila anayekuja atachi namfungulia ausome.

Siku ya sita tangi lilifunikwa na povu jeupe kama la sabuni ya kufulia. Maji yaliyokuwa yakitoka angavu yakageuka kama tui la pili. Desemba ikaingia, hoteli zikajaa, mzigo ukaongezeka maradufu, nami nilikuwa nimewamwaga wafanyakazi wenyewe. Tope ni viumbe hai wanaokula uchafu. Kundi tulilokuwa nalo lilichukua zaidi ya wiki mbili kukua, na mimi nililitoa kwa siku tatu. Nikaongeza klorini, ikaliwa yote na uchafu, mwishoni hakuna hata chembe iliyobaki. Maabara ikaleta BOD, kipimo cha uchafu unaomaliza oksijeni ya maji, ya miligramu 96 kwa lita, na kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaka isizidi 30.

Maji yetu yalikuwa yakiingia kwenye mashimo ya kufyonza. Ardhi ya huku mnaijua, mwamba wa matumbawe wenye matundu, maji hayachujwi, yanapita tu. Nyuma ya ukuta wetu anaishi bibi mmoja mwenye kisima cha kufulia na kumwagilia mnanaa wake. Kila alfajiri nikitoka zamu alikuwa akiniita, "Sabalkheri mwanangu," nami namwitikia. Asubuhi moja alikuja getini na ndoo. Akaiweka chini, akasema, "Mwanangu, hebu njoo unuse."

Nikainama nikanusa. Sikuwa na la kumjibu. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonikaa rohoni mpaka leo. Aliifunika ndoo kwa leso yake, akaenda zake taratibu, mkono mmoja ukutani. Kwa muda wa mwezi mzima na zaidi nilimpelekea madumu ya maji kila siku baada ya zamu, na mnanaa wake ulikauka hata hivyo.

Fundi mkuu aliporudi aliuliza neno moja tu: "Ulipima hewa?" Mita ya oksijeni ilikuwa kabatini, betri zimekufa. Mkanda wa bloa ya pili ulikuwa umelegea, unateleza, na tangini oksijeni ilikuwa miligramu 0.3 kwa lita. Hewa ikipungua hivyo, bakteria wa nyuzi ndio wanaostawi, tope linakuwa kama pamba, halishuki. Lingepimwa uzito maabara tungeona: tuseme gramu 2.9 kwa lita, silinda 880, gawanya 880 kwa 2.9, hiyo ni faharasa ya 300 na ushei, yaani mililita zinazojazwa na gramu moja ya tope. Juu ya 150 tayari ni tatizo. Kukaza mkanda kulichukua dakika kumi. Kuurudisha mtambo kulichukua magari mawili ya ekzosta, yale ya kunyonya majitaka, yaliyoleta tope hai kutoka mtambo mwingine, na wiki tano.

Kwa hivyo silinda ikijaa, chukua ya pili. Nusu lita ya tope, nusu lita ya maji angavu kutoka tangi la kutulia, ngoja nusu saa. Likishuka mbali chini ya nusu ya kipimo cha kwanza, kweli limezidi, lipunguze kidogo kidogo. Likikaa karibu na nusu, ni nyuzi. Usiguse vali, nenda kwenye bloa.

4. Ratiba ya maji kupwa na kujaa ibandikwe kando ya ratiba ya zamu. Bamvua la mwezi mwandamo na la mwezi mpevu huingiza maji ya bahari kwenye mabomba ya zamani yaliyopasuka, na chumvi ya ghafla hulitia tope kiwewe.

5. Maji ya bomba yanayotoka Baricho yakikatika, majitaka huja machache lakini makali. Msishangae, na msibadilishe chochote siku hiyo.

6. Usishuke kwenye manholi, shimo la kuingilia mabomba ya majitaka. Usishuke hata kama ni kina cha mtu, hata kama ni spana tu imeanguka. Ile gesi yenye harufu ya yai bovu ikizidi huua pua kwanza, unadhani imeondoka, kumbe imekuwa nyingi. Anayeshuka kumwokoa mwenzake hufa naye. Hapa sina mzaha na mtu, na kijana aliyewahi kushuka mbele yangu sikumrudisha kazini.

Yule wa atachi asubuhi ile alifanya silinda ya pili mwenyewe. Ikaishia 410. Akaniangalia, akaenda kwenye bloa bila kuambiwa, akafungua chujio la hewa akalikuta limezibwa na vumbi na majani ya mvinje, yamesukwa kama mkeka. Alilipiga ukutani, akalipuliza, akalirudisha. Oksijeni ilikuwa 0.4, mpaka adhuhuri ikafika 1.8. Vali tumeiacha kwenye dakika zake 20. Leo asubuhi silinda imesimama 540, na ameandika kwenye daftari namba tu.