Mnauliza, Tunajibu: Nimealikwa kuwinda kondoo mwitu kwenye theluji, niende?

Shikamoo anko. Mi mtoto wa Nyakato hapo Mwanza, kwa sasa niko Bishkek, Kirgizistani, huku Asia ya Kati, nasoma udaktari. Washkaji zangu wa hosteli, wenyeji wa huku, wanataka mwezi wa kumi na mbili twende mkoa wa Naryn kwa mjomba wa mmoja wao tukawinde kondoo mwitu, wale wa pembe zilizojikunja. Wanasema bunduki zipo, farasi wapo, mi nije na nguo za baridi tu. Theluji naijua ya mjini, bunduki sijawahi kushika, na maza hajui chochote. Niende au nipotezee?
*Msomaji, Nyakato*

Marahaba mwanangu. Kabla hatujafika kwenye nguo, waulize hao washkaji swali moja tu, kibali kiko wapi na kina jina la nani? Manake huyo kondoo anaitwa argali, na aina ya huko milima ya Tian Shan na Pamir wamempa jina la Marco Polo, yule msafiri aliyepita Pamir karne ya 13 akaandika habari za kondoo wenye pembe za ajabu. Analindwa kisheria, vibali vinatolewa vichache kwa mwaka, na mgeni anayetaka kumpiga analipa maelfu ya dola kupitia kampuni ya uwindaji iliyosajiliwa. Sasa "mjomba ana bunduki" siyo kibali aisee, huo ni ujangili wa kawaida kabisa, tofauti yake na wa Serengeti ni theluji tu. Wenyeji wakikamatwa wana ndugu wa kuhangaika nao polisi, wewe una viza ya masomo na ada ambayo maza kauza kitu kuilipa.

Kama kibali kipo basi nenda, ila nenda kama mpambe. Beba darubini, shika farasi, chemsha chai, bunduki waachie wenyewe. Na wala hukosi uhondo, kwa sababu kumwinda huyu mnyama asilimia kubwa ni kulala kifudifudi kwenye jiwe unaangalia mlima wa upande wa pili masaa na masaa, unatafuta kitu cha rangi ya udongo kwenye udongo. Macho yake makali kupita kiasi, na hatari anaitegemea itokee chini, kwa hiyo wazoefu wanazunguka wanamtokea kwa juu. Afu kuna upepo. Asubuhi jua likishapasha miteremko hewa inapanda, jioni inashuka, ukikosea hapo harufu yako inafika kabla yako na kundi zima linahamia bonde lingine, siku imeisha hiyo. Mwezi huo wanaotaka kwenda ni msimu wa kupandana, madume yanayojitengaga mwaka mzima yanashuka kwa majike na yanagongana vichwa mlio unausikia mbali, na theluji nyingi inawasukuma wote sehemu za chini kidogo ambako majani yanafikika. Ndo maana watu wanavumilia baridi ile badala ya kwenda kiangazi.

Kitu kitakachokusumbua kwanza siyo baridi, ni pumzi. Mwanza tuko kama mita 1,140 hivi, Bishkek iko chini zaidi ya hapo, afu hao kondoo wanakaa mita 3,000 mpaka 4,000 na zaidi. Wapagazi wa Kilimanjaro watakwambia, kichwa kikianza kuuma, chakula hakipiti, usingizi hauji, huo ni ugonjwa wa mwinuko na hauna kijana wala mzee, anayecheza mpira kila jioni anaweza kuanguka na mzee wa kuvuta sigara akapanda. Ukishapita mita 3,000 usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko ulipolala jana yake. Ukiona mtu anaanza kupepesuka au kuongea ovyo, anashushwa hapohapo, hata kama ni usiku. We si unasomea udaktari, hii kazi wakuachie wewe.

Nguo sasa. Adui ni jasho. Ukipanda umejifunika majaketi matatu unalowa, ukisimama dakika kumi lile jasho linakugandisha, kwa hiyo unatembea umevaa kidogo na unaongeza ukitulia, kinyume na akili ya mtu wa Mwanza inavyomtuma. Fulana ya pamba acha hosteli, ikilowa haikauki, tafuta ya sufu au ya nailoni ya michezo. Viatu visikubane, ukivaa soksi mbili mpaka vidole havichezi damu haipiti na vidole unaviaga. Pale Osh Bazaar, soko la hapo Bishkek, wanauza valenki, mabuti ya sufu iliyoshindiliwa, yanachekesha kuyaangalia ila kwa kukaa kambini hayana mpinzani. Miwani ya jua ni lazima, theluji inarudisha mwanga mpaka macho yanaungua. Simu weka ndani karibu na mwili, betri inakufa kwa baridi. Na wenye bunduki wafute mafuta mengi maana yanaganda, na wasiingize bunduki kwenye joto la ndani halafu waitoe tena nje, inatoa jasho na lile jasho linakuwa barafu.

Theluji ikianguka nyingi usiku, asubuhi yake msikatize mteremko mkali, maporomoko hayapigi honi.

Maza mwambie. Usimwambie ukiwa huko juu, mwambie kabla.

Anko, hao matajiri wanaolipa mahela yote hayo kuua mnyama mmoja si ndo haohao wanaowamaliza? Na kwa nini wanataka dume zee, nyama si ngumu?
*Msomaji, Igogo*

Nyama haiwahusu sana, wanataka pembe. Za Marco Polo ukizipima kwa kamba ukifuata mkunjo zinaweza kupita mita moja na nusu kila upande. Ila dume zee lina sababu nyingine, limeshazalisha, na umri wake unahesabika kwenye miduara ya pembe. Kule Alaska, Marekani, wana kondoo mwitu wao, na sheria inataka pembe iwe imezunguka duara zima au dume liwe limefika miaka nane, ukipiga dogo una kesi. Hela nayo usiidharau, mwaka 2013 kibali kimoja cha kondoo wa milimani jimbo la Montana, Marekani, kiliuzwa mnadani dola 480,000, na hela za minada hiyo zinaenda kuwatunza kondoo wenyewe. Mi naona mfumo huo unafanya kazi pale tu hela inapomfikia mchungaji anayeishi na wale wanyama, ikiishia kwenye ofisi za mjini huyo mchungaji atawaona kama kitoweo, na sioni kwa nini tumlaumu.

Kitu kinachoua kondoo mwitu wa Marekani kwa makundi wala siyo risasi, ni nimonia wanayoambukizwa na kondoo wa kufugwa. Wafugaji wa huku mtanielewa haraka.

Huku kwetu wapo?
*Msomaji, Ukerewe*

Hawapo. Kondoo mwitu wa kweli ni wa Asia, Amerika ya Kaskazini na vipande vya Ulaya. Afrika tuna wa milima ya Atlas na Sahara anayefanana nao, ila wataalamu wamemweka kwenye kundi lake peke yake. Kwenye mawe ya huku Kanda ya Ziwa na Serengeti unayemsikia ni mbuzi mawe, na huyo si mbuzi, ni swala mdogo anayesimama kwenye ncha za kwato. Usimfuate na mbwa, Sheria ya Wanyamapori namba 5 ya 2009 inataka leseni hata kwa wadogo, kaulize TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kwanza.