Jeneza, ngamia na mcheza baleti mwenye ndevu

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nasoma sanaa za maonyesho. Tumeonyeshwa filamu bubu ya mwaka 1924, Entr'acte. Mcheza baleti ana ndevu, gari la maiti linavutwa na ngamia, wasindikizaji wanarukaruka. Darasa zima lilicheka. Sasa mwalimu anataka tuandike maana yake, na mimi maana siioni. — Mpwa wako, Bagamoyo.

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Kucheka hamkukosea, hao jamaa walitaka mcheke.

Mimi nimezeeka kwenye chumba cha projekta, na jambo la kwanza ninalouliza ni: filamu hii ilipangwa wapi katika usiku ule? Entr'acte iliwekwa ndani ya baleti, Relâche, iliyochezwa na kundi la Ballets Suédois katika ukumbi wa Théâtre des Champs-Élysées, Paris. Wazo la mchoraji Francis Picabia, muziki wa Erik Satie, mwongozaji kijana René Clair. Kipande kifupi kilifungua onyesho: Picabia na Satie juu ya paa la ukumbi uleule, wanaruka polepole kando ya mzinga, kisha wanaufyatua kuwaelekea watazamaji. Filamu yenyewe ilikuja katikati, baleti iliposimama. Kwetu wakati huo watu wanatoka kununua karanga na soda!

Sasa mtazame tena huyo mchezaji. Kamera iko chini ya kioo, yeye anacheza juu yake, sketi inafunguka na kufunga kama ua. Aliyekaa ukumbini haoni hivyo hata akilipia kiti cha mbele. Ndipo kamera inapanda hadi usoni: ndevu na miwani. Wasindikizaji nao wanaanza kwa mwendo wa polepole, wanapaa kama wacheza baleti hasa, halafu gari la maiti linachomoka na kila mtu anatimua mbio. Satie alitunga vipande vifupi vya kurudiarudia, ili okestra iende sawa na picha.

Na marehemu ni nani? Jean Börlin, mcheza dansi mkuu wa baleti ileile na mtunzi wa miondoko yake. Watu wametoka kumwona jukwaani, wanamwona anapigwa risasi, anazikwa, anaibuka kutoka kwenye jeneza akiwa mfanya kiinimacho, anawafuta wasindikizaji kwa fimbo, kisha anajifuta mwenyewe. Muda mfupi baadaye wanaye tena jukwaani, mzima.

Andika hilo: filamu ilifanya nini ambacho jukwaa lisingeweza. Ngamia mwache awe ngamia. Na usikimbilie kuiita ya kisurealisti, yaani ya sanaa inayofuata ndoto na mawazo yaliyojificha akilini. Ilani ya usurealisti ya André Breton, kiongozi wa kundi hilo, ilitoka Oktoba mwaka uleule, na Picabia alikuwa na ugomvi naye; wengi huiweka kwenye Dada, harakati ya wasanii waliokejeli sanaa yenyewe. Ukiirudia, ni kama dakika ishirini tu, usizime muziki.