"Up" yenye maana tano katika ujumbe mmoja

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii hapa Tukuyu, napeleka wageni Ziwa Ngozi na Mlima Rungwe. Mgeni aliniandikia hivi: "Pick us up at six. There will be up to eight of us. If the weather holds up we'll go up Ngozi. If not, it's up to you." Nikaelewa wanazidi wanane, nikakodi magari mawili. Wakatoka watu watano. Hii "up" ina maana ngapi?

JIBU: Pole kwa gharama, ndugu yangu. Katika ujumbe huo "up" imekuja mara tano, na ni moja tu yenye maana ya juu uliyoizoea: "go up Ngozi", kupanda Ngozi.

Tuanze na iliyokula hela yako. "Up to" ikitangulia namba ni kikomo: "up to eight" ni wasiozidi wanane, na wa nane mwenyewe yumo. Wakija watano, hata wawili, mgeni hajavunja ahadi. Kama angekusudia ulivyoelewa wewe, angeandika "eight and up" au "at least eight". Lakini "it's up to you" haina kikomo chochote. Ni kusema uamuzi ni wako. Ukijibu "OK" ukanyamaza, mgeni atabaki anakusubiri upange safari nyingine.

"Pick us up" ni njoo utuchukue. "If the weather holds up" ni hali ya hewa ikiendelea kuwa nzuri. Hiyo ya pili ina mtego: "the rain held us up" ni mvua ilituchelewesha. Kitenzi ni kilekile. Kisipofuatwa na mtu ni kustahimili, kikimpata mtu wa kumtendea mara nyingi ni kumchelewesha.

Utajuaje kama "up" ni mwelekeo au imeshikana na kitenzi? Weka "it" au "them" uone inakaa wapi. Ikiwa imeshikana na kitenzi, kiwakilishi huingia katikati: "pick them up", "look it up", yaani litafute neno hilo kwenye kamusi. Ikiwa ni mwelekeo, kiwakilishi hukaa mwisho: Rungwe "we climbed up it". Ukisema "pick up them" utaeleweka, ila Mwingereza hasemi hivyo. Ukitumia nomino badala ya kiwakilishi, pande zote zinakubali: "pick up the guests", "pick the guests up".

Kuna "up" ya kumaliza, ambayo sisi tunaisema kwa "yote" au "kabisa". "Drink some water" ni kunywa maji. "Drink up" ni maliza yaliyobaki. "Time's up", muda umekwisha. Na kwa dereva wako, hii aikariri: "pull up here" ni simama hapa. Anayeitafsiri neno kwa neno anaweza kupita kituo.

Mwisho ni ramani. Sisi tunashuka Kyela kwa sababu barabara inashuka kweli: Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa halifiki 500. Mwingereza mara nyingi hufuata ramani, kaskazini "up", kusini "down". Ndiyo maana anaweza kusema "down in the Southern Highlands" kuhusu Nyanda za Juu hizihizi, na hajakosea. London ina desturi yake: baadhi husema "up to London" hata wakitokea kaskazini, na kwenye reli za Uingereza njia ya kuelekea London kwa kawaida huitwa "up line". Kwa hiyo mgeni aliye Mbeya akikuambia "we're driving up to Dodoma", usimtafutie mlima. Dodoma iko chini kuliko Mbeya kwa mita 500 hivi. Anachosema ni kwamba wanaelekea kaskazini.