Siku za bahasha ya kaki: maswali yenu kuhusu saratani na mawazo ya kujiua

Mwezi uliopita niliandika juu ya kipimo cha kinyama, kile kipande kidogo kinachokatwa mwilini kikachunguzwe, na namna ya kusoma majibu yake. Barua zilizokuja hazikugusa kipimo hata kidogo. Mnauliza habari za usiku ule wa kwanza, bahasha ya kaki yenye majibu ikiwa juu ya kabati na nyumba nzima kimya. Nimechukua tano.

Shikamoo nesi. Mama yangu ana miaka 52. Wiki iliyopita tumepewa majibu, ni saratani ya shingo ya kizazi, tunasubiri tarehe ya kwenda Dar es Salaam. Hali chakula, usiku halali, na juzi alisema "mngeniacha tu nikapumzika." Nataka kumuuliza kama anafikiria kujiua, ila naogopa nitamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Binti, Singida.

Marahaba mwanangu. Muulize, na muulize leo. Wazo la kujiua haliingii kichwani kwa sababu mtu ameulizwa. Asiye nalo atakushangaa, pengine atakufokea, na yataishia hapo. Mwenye nalo mara nyingi hushusha pumzi, maana alikuwa amelibeba peke yake.

Hofu yako ina msingi. Kule Sweden, ambako magonjwa na vifo huandikwa kwa makini, watafiti walifuatilia kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 6 za miaka ya 1991 hadi 2006. Katika wiki ya kwanza baada ya kuambiwa una saratani, uwezekano wa mtu kujiua ulikuwa zaidi ya mara 12 ukilinganisha na wasio na ugonjwa huo. Kwa mwaka mzima wa kwanza ulikuwa kama mara 3. Fikiria maana yake: wiki ya kwanza wengi hawajaanza kemo, nywele zipo, na maumivu ni yaleyale ya juzi. Kilichobadilika ni habari. Lakini usizichukue namba hizo ukakosa usingizi na wewe. Kati ya wagonjwa zaidi ya laki 5, waliojiua wiki hiyo walikuwa 29. Walio wengi mno huivuka, na huivuka vizuri zaidi wakiwa na mtu karibu.

Usimuulize sebuleni mbele ya wajomba. Kaa naye uani mnachambua mchele, macho yenu yakiwa kwenye ungo. Mikono ikiwa na kazi, maneno hutoka kwa urahisi. Sema hivi: "Mama, uliposema tungekuacha upumzike, ulikuwa unafikiria kujiua?" Litamke neno lenyewe, "mambo mabaya" hayamwambii kitu. Akijibu kwamba anatamani Mungu amchukue, msikilize, kisha uliza kama ameshawaza atafanyaje na lini. Akiwa na jibu la swali hilo, asilale peke yake. Dawa za shambani na vidonge vilivyorundikana vihamie kwa jirani usiku huohuo. Mpelekeni hospitali iliyo karibu, msingoje tarehe ya Dar, na maneno aliyoyasema mwambieni daktari vilevile alivyoyasema.

Kuna kitu hukukiandika: baba yuko wapi? Nauliza kwa sababu saratani hii huja na maneno ya watu, kwamba ni ugonjwa wa umalaya. Chanzo chake ni kirusi ambacho watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani, hata mwanamke aliyemjua mwanamume mmoja tu maisha yake yote. Nimeona kinamama ambao saratani walikuwa tayari kuibeba, kilichowaangusha ni kununiwa na mume. Mtu amweleze baba. Amweleze pia mama kwamba ikikutwa mapema saratani hii hutibika, maana wengi huamini wameshahukumiwa.

Nesi, baba ana miaka 71, ana saratani ya umio, njia ya chakula. Kikao cha ukoo kimeamua asiambiwe, aambiwe ni vidonda vya tumbo, asije akajidhuru. Tunafanya sawa? Kijana, Morogoro.

Mmefikiria mtamwambiaje getini? Niliwahi kumpokea mzee aliyeambiwa anakwenda "kuangaliwa tumbo". Teksi ilipokata kona ya Ocean Road akasoma kibao, Taasisi ya Saratani, herufi kubwa. Aliteremka bila kumtazama mwanawe. Siku tatu hakuongea na yeyote isipokuwa mama wa usafi, na kwa huyo ndiko alikosema anataka kufa. Kwake yeye, wanawe walikuwa wameshamzika na kukubaliana bei ya jeneza.

Siwalaumu, kuficha ni mapenzi. Ila mtu anayejua na kunyamaziwa yuko peke yake kuliko aliyeambiwa. Mwulizeni kwanza anataka kujua kiasi gani. Wapo wazee watakaosema "ongeeni na mwanangu mkubwa, mimi nitibuni", na hilo nalo ni jibu la kuheshimiwa.

Habari za kazi dada. Nina miaka 58, tezi dume. Ng'ombe wameuzwa, sasa wanataka kuuza shamba wanipeleke matibabu. Naona bora niondoke watoto wabaki na kitu. Msomaji, Mbeya.

Kaka yangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Kama neno "niondoke" lina maana ya kujiua, basi kabla ya mengine yote mwambie leo mtu mmoja unayelala naye nyumba moja. Ukiona usiku hautapita, nendeni chumba cha dharura cha hospitali yoyote. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

Sasa hilo la mzigo. Wagonjwa wengi husema neno hilohilo, na hulisema kama hesabu: ng'ombe kadhaa, ekari kadhaa, toa mimi. Mimi nalisikia kama dalili. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, humwondolea mtu uwezo wa kuona watoto wake wanavyomwona. Na hutibika hata saratani ikiwa bado ipo. Scotland walichukua wagonjwa 500 wa saratani wenye sonona. Nusu walihudumiwa kama kawaida, nusu wakapewa manesi waliofunzwa kazi hiyo, mazungumzo ya kila mara, na dawa zilizosimamiwa vizuri. Baada ya wiki 24, dalili zilikuwa zimepungua kwa nusu au zaidi kwa watu 62 katika kila 100. Kwa waliohudumiwa kama kawaida walikuwa 17 tu. Hapakuwa na mashine ya ajabu.

Nikuulize mengine mawili. Umeanza sindano za kushusha homoni? Zinaweza kumwondolea mwanamume hamu ya tendo na kumletea unyonge wa moyo, na wanaume huona haya kulisema, basi daktari hajui. Pili, unaumwa mifupa usiku? Maumivu yasiyotulizwa yanamchosha mtu na maisha haraka kuliko saratani yenyewe. Ulizia tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na mateso ya ugonjwa. Wana morfini ya maji, ya kunywa, na kupewa hiyo si dalili kwamba wamekukatia tamaa.

Shamba lisiuzwe kabla hujaonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Umwulize habari za msamaha wa gharama ukiwa na barua ya serikali ya mtaa mkononi.

Natumia tamoksifeni kwa saratani ya titi na sasa daktari mwingine ameniandikia dawa ya sonona. Vinaelewana? Mama, Mombasa.

Inategemea ni dawa gani. Paroksetini na fluoksetini huzuia ini lisiigeuze tamoksifeni vizuri kuwa dawa inayofanya kazi, basi huepukwa, na zipo nyingine zisizo na shida hiyo. Usiache yoyote ghafla. Beba pakiti zote mbili, uzitie kwenye mfuko mmoja, uziweke mezani kwa daktari wa saratani.

Habari sista. Ndugu yetu alijaribu kujiua siku nne baada ya kuambiwa ana saratani ya kongosho. Yuko nyumbani, tunaogopa hospitali itaita polisi. Familia, Nakuru.

Mpelekeni leo, hata akisema yuko sawa. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba. Mkihitaji mtu wa kuongea nanyi njiani, 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure. Mkifika, ombeni aonwe na daktari wa akili na wa saratani pia, maana kongosho ni miongoni mwa saratani zinazoumiza sana na huenda hakuna aliyemwuliza habari za maumivu. Na mmoja wenu abaki naye wodini, asiyependa kuhubiri.