Anza na kidogo dada angu

Pole dada angu, unasema mwaka mpya ulijiwekea kuamka saa kumi alfajiri, kufunga kila Ijumaa na kumaliza Biblia nzima, ukafika Mambo ya Walawi ukakwama na sasa unajiona hujaokoka kweli. Hapana jamani, usijihukumu hivyo. Yesu mwenyewe kwenye Marko 4:28 anasema kwanza jani, tena suke, kisha ngano pevu, sasa ww unataka kuvuna wiki ya pili?

Mm nilianza na Marko, ina sura 16 tu, nasoma mistari mitano sita kwenye daladala asubuhi, mstari ulionigusa naandika kwa peni nyuma ya daftari la mauzo dukani, mteja akiondoka nauangalia tena. Simu naichajia sebuleni usiku, maana ikiwa kitandani najua siombi, naishia kuskroli mpaka usingizi unanichukua. Ukiruka siku usifidie, endelea ulipoishia. Na yule uliyesema hamsalimiani kazini, kesho mwamkie tu, hata asipoitika. Alafu urudi uniambie imekuaje, nakuombea kweli.